Kifungu cha 11: Anayemlipa Fundi Ndiye Amchague Fundi

Wanamageuzi wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala Katiba Mpya. Naandika kuhusu giaboksi. Nivumilieni. Mkifika mwisho mtaona ni mambo yale yale.

Kaka yangu anaendesha taksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam. Gari si lake bado. Alilichukua kwenye yadi moja kwa mkataba wa miezi 24: kila wiki anapeleka hesabu ya laki moja na elfu themanini, akimaliza anakabidhiwa kadi. Vijana wengi mnaosoma hapa mnaujua mpango huu, uwe wa gari, wa bajaji au wa bodaboda. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, otomatiki, la mwaka 2003. Sitaji jina, lakini ukisimama Ubungo dakika tano utachoka kuyahesabu.

Mwezi wa 14 wa mkataba giaboksi ikaanza vituko. Ukiweka D inakawia, halafu inashika kwa kishindo kama mtu kakugonga kwa nyuma. Barabarani injini inalia lakini mwendo hauongezeki, gia haipandi. Kwenye dashibodi kitaa cha O/D OFF kikawa kinapepesa. Abiria mmoja alishuka Mwenge kabla ya kufika, akamwambia kaka hawezi kufa kwa nauli ya elfu nne.

Kaka akalipeleka yadi, kama mkataba unavyotaka. Fundi wa pale akaliendesha mzunguko mmoja, akarudi na hukumu: "Giaboksi imekufa hiyo. Inatolewa nzima, tunaweka nyingine ya mtumba. Milioni tatu na laki mbili." Hakufungua kitu. Hakupima kitu. Hakuandika kitu. Kaka alipolia kwamba hela hiyo hana, yadi "ikamsaidia": deni litaingizwa kwenye mkataba. Piga hesabu mwenyewe. Milioni tatu na laki mbili, kwa laki moja na elfu themanini kwa wiki, ni karibu wiki 18 za ziada. Miezi minne na ushee ya kuamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekifungua akakiangalia.

Usiku ule akanipigia nikiwa hosteli. "Mdogo wangu, wewe si ndiyo unasoma sheria? Hebu angalia hii karatasi." Akanitumia picha za mkataba kwa WhatsApp.

Kurasa nne, zote za Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama zetu, lakini mkataba wa kijana aliyeishia kidato cha nne bado unaandikwa kwa lugha ambayo anaisaini bila kuisoma. Nikafika kifungu cha 11. Kwa Kiswahili chetu kinasema hivi: matengenezo yote yatafanyika kwenye gereji itakayoelekezwa na mmiliki, kwa gharama ya dereva, na dereva akipeleka gari kwingine mkataba umevunjika na mmiliki anaweza kulichukua gari lake bila kurudisha kilicholipwa.

Soma tena taratibu. Gereji anachagua yeye. Bei anapanga yeye. Anayelipa ni wewe. Ukikataa, miezi 14 yako inakwenda na maji.

Nikamwuliza kaka: "Ulisoma hapa?" Akanijibu: "Ningesoma wangenipa gari?" Sikuwa na jibu. Mwalimu wetu darasani anasema mkataba ni makubaliano ya watu walio huru, na kweli Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru. Lakini uhuru wa mtu ambaye ana familia, hana ajira, na nyuma yake kuna foleni ya vijana kumi wanaoitaka kalamu hiyo hiyo, ni uhuru wa namna gani?

Sasa niseme tulichofanya, maana huenda kikamfaa mtu.

Kwanza, hatukukimbilia kuvunja mkataba. Nilimwambia kaka kwamba kuvunja mkataba ni jambo moja na kuuliza maswali ni jambo lingine. Kifungu kinasema matengenezo. Kupima si kutengeneza. Basi tukamwomba fundi mmoja wa Tabata ninayemwita Mzee, mtu wa miaka mingi kwenye kazi, aje nyumbani na mashine yake. Hakugusa nati hata moja. Alichomeka mashine kwenye tundu lililo chini ya usukani, ikasoma kodi moja: P0755. Tafsiri yake ni kwamba solenoidi B ya kubadilishia gia ina hitilafu.

Nikamwuliza solenoidi ni nini. Akanieleza kwa subira, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Giaboksi ya otomatiki inafanya kazi kwa oili. Pampu inaisukuma oili kwenye vijia vyembamba ndani ya valvu bodi. Solenoidi ni visumaku vya umeme ambavyo kompyuta inaviamuru vifungue na kufunga vijia hivyo. Oili ikipita njia fulani, klachi fulani inashika, gia inabadilika. Solenoidi moja ikifa, oili haipiti inapotakiwa. Kompyuta ikiona hivyo inakupunguzia gia ili usiharibu zaidi, na inakupepesea taa. Yaani gari lilikuwa linajieleza lenyewe ugonjwa wake. Yadi hawakutaka kulisikiliza.

Mzee akachomoa kijiti cha oili, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia iko P. Akapaka tone kwenye karatasi nyeupe, akanusa. "Binti, oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo klachi zimeshakula, usibishane na mtu. Hii imechoka, lakini haijaungua." Oili nzuri ya giaboksi, ile mtaani tunayoiita haidroliki, huwa nyekundu. Yetu ilikuwa inaelekea rangi ya kahawia.

Pili, tukaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwenda yadi. Tuliomba mambo matatu: watupe kwa maandishi kodi waliyoisoma na vipimo walivyofanya; watupe mchanganuo wa bei, giaboksi kiasi gani, ufundi kiasi gani, na waranti ya hiyo giaboksi ya mtumba ni ya muda gani; na kama hawana hayo, waturuhusu tukatengeneze kwa fundi mwenye risiti. Tukaambatanisha picha ya mashine ikionyesha P0755.

Siku ya tano wakajibu, si kwa barua, kwa WhatsApp: "Pelekeni mnakotaka ila ikiharibika zaidi ni juu yenu." Kaka alichukia. Mimi nilifurahi. Hiyo ni ruhusa, tena kwa maandishi. Tuliipiga picha, tukaituma kwa watu watatu.

Tatu, gari likaenda Tabata. Mzee akaliweka juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, jambo ambalo nawasihi msilipuuze. Akamwaga oili, akashusha sampo. Ndani ya sampo kuna sumaku za kukamata vumbi la chuma. Akanionyesha: zilikuwa na ungaunga mweusi laini tu, ambao ni wa kawaida kwa gari la umri ule. Kungekuwa na vipande vya chuma, hadithi ingekuwa nyingine. Akapima solenoidi zote kwa mita. Kitabu cha gari hilo kinataka usomaji kati ya omu 11 na 15. Nzima ilisoma 13. Ile mbovu haikusoma kitu, waya wake wa ndani umekatika.

Gharama hizi hapa: solenoidi mpya, elfu themanini na tano. Oili lita nne za aina sahihi, laki moja. Filta na gasketi ya sampo, elfu arobaini na tano. Ufundi, laki moja. Jumla, laki tatu na elfu thelathini. Mimi nilichangia elfu themanini kutoka kwenye boom langu, mama akaongezea, nyingine kaka akakopa kijiweni. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Gari linapanda gia vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo tofauti ni karibu milioni mbili na laki tisa, na tulipoteza siku 11 za kazi ambazo hakuna atakayezirudisha. Hesabu ya yadi kwa wiki zile haikusimama. Ndiyo, gari limelala, hesabu inatembea.

Kabla sijaingia kwenye siasa, wacha niwaachie mambo machache ambayo Mzee alinifundisha, kwa yeyote ambaye giaboksi yake inasumbua na ambaye hataki kuanza na bei ya yadi.

Anza na kodi, usianze na bei. Fundi anayekutajia bei kabla ya kupima anapima mfuko wako.

Jua oili ya gari lako. Toyota wana T-IV na WS, Honda wana Z1 na DW-1, Nissan za CVT wana NS-2 na NS-3. Hazifanani. Kuna giaboksi nyingi zimekufa mjini hapa kwa sababu mtu alijaza oili yoyote nyekundu iliyokuwepo dukani.

Ukimwaga kwa kufungua nati ya chini, kwenye gari dogo inatoka kama lita tatu kati ya sita au saba. Nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo usishangae oili mpya ikibadilika rangi mapema. Rudia baada ya muda.

Usikubali gari la otomatiki livutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendesha yakizunguka chini. Injini ikizimwa pampu haisukumi oili, na ndani kunasagana. Libebwe.

Na kubali ukweli pale ambapo ni mkubwa. Kama klachi zimeungua, au ni CVT ambayo mkanda wake umechubuka, hiyo si kazi ya chini ya mwembe. Hapo inatakiwa gereji yenye vifaa, na wakati mwingine kweli giaboksi nzima inabadilishwa. Sisemi kila bei kubwa ni wizi. Nasema bei kubwa ije na maelezo.

Sasa siasa.

Najua kuna mtu atasema: gari ni la yadi, wana haki ya kulilinda. Ni kweli, na hoja hiyo siidharau. Ningekuwa na gari langu nimemkabidhi mtu, nisingependa alipeleke kwa mtu anayejifunza ufundi juu yake. Mwenye mali ana haki ya kudai fundi awe na ujuzi, oili iwe sahihi, spea iwe na risiti, na apewe taarifa kabla ya kufunguliwa. Yote hayo ningeyaandika mimi mwenyewe kwenye mkataba kama ningekuwa wakili wa yadi. Lakini kulinda mali ni jambo moja, na kumfanya dereva kuwa mteja wa lazima wa gereji yako ni jambo lingine. La kwanza linailinda mali. La pili linatengeneza hela kutokana na uharibifu, tena linampa mwenye gereji sababu ya kupenda gari liharibike.

Kipimo changu ni chepesi: anayemlipa fundi ndiye amchague fundi. Yadi wakitaka wachague wao, sawa, basi walipe wao.

Wala sijabuni kitu kipya. Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo haimruhusu mtengenezaji kukulazimisha utumie huduma au spea za jina fulani ili waranti yako iendelee, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure au apate kibali maalumu. Mnaona? Anayelazimisha, alipe. Na tusiende mbali. Afrika Kusini, Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021: mwenye gari anaweza kulipeleka kwa fundi huru wakati waranti bado inaishi, na watengenezaji wanatakiwa kuwafungulia mafundi hao taarifa za kiufundi. Hizo zinahusu waranti za magari mapya, si mikataba ya hesabu kama ya kwetu. Lakini kama mwenye gari jipya kule Johannesburg analindwa, kwanini anayedunduliza gari la mwaka 2003 hapa Mbagala asilindwe?

Sisi tuna nini? Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Ila dereva wa mkataba akienda kulalamika, ataulizwa kama yeye ni mlaji kweli au ni mfanyabiashara, maana gari analitumia kutafutia riziki. Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Ila ataambiwa hajanunua bado, amekodi. Tuna sheria ya ununuzi wa kukodi kwa awamu iliyotungwa mwaka 1966, wakati hakuna aliyewaza mtu atamwita dereva kwa simu ya mkononi. Kijana anaanguka katikati ya sheria tatu kama hela iliyodondoka kati ya viti vya daladala. Sisemi kifungu cha 11 ni batili. Mimi ni mwanafunzi, si wakili wala hakimu. Nasema haipaswi kumlazimu kijana atafute ndugu anayesoma sheria ndipo apate haki ya kuonyeshwa ugonjwa wa gari lake.

Kuna na upande wa fundi. Mzee wa Tabata hana cheti. Alijifunza kwa kushika spana tangu utoto. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ni utaratibu mzuri, ila yeye hakuwahi kuambiwa upo. Eneo lake ni la kuazima. Mgambo wa manispaa wakija, anafunga stendi na kukimbia. Mashine yake ya kupimia alinunua kwa upatu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na nikimwuliza kijana anayejifunza kwa Mzee kama aliwahi kuisikia, ananiuliza: "Ile ya chama?" Hapo ndipo watawala walipotufikisha. Fedha ya umma, kijana anadhani ni ya chama.

Na sisi je? Nitasema wazi, maana blogu hii ni yetu. Tukisimama jukwaani tunasema "vijana wajiajiri" kama wao wanavyosema, tofauti ni rangi ya fulana. Ilani yetu inapaswa iwe na vitu ambavyo mtu wa kijiweni anaweza kuvishika mkononi. Mimi napendekeza vinne.

Moja, mkataba wowote wa chombo cha moto cha hesabu uwe na nakala ya Kiswahili, na dereva apewe nakala yake siku anayosaini.

Mbili, FCC itoe mwongozo: mmiliki aweke viwango vya matengenezo, lakini asilazimishe gereji kwa gharama ya dereva. Na hakuna bei bila kipimo cha maandishi.

Tatu, hesabu isimame siku ambazo gari limelala kwa kosa lisilo la dereva.

Nne, mafundi wa mtaani wapimwe na VETA huko huko walipo, wapewe vyeti, na wapangiwe maeneo ya kudumu. Nao wajibu kwa upande wao: risiti na dhamana ya kazi. Mzee alitupa miezi mitatu kwenye kikaratasi cha daftari. Yadi na ofisi yao yenye kiyoyozi hawakutupa hata hicho.

Nilisema mwanzoni kwamba ni mambo yale yale. Tunadai Katiba Mpya kwa sababu hatutaki mtu mmoja ateue, aamue na ajihukumu mwenyewe. Kifungu cha 11 ndiyo hicho hicho, kimeandikwa kwa herufi ndogo: mmoja anachagua gereji, anatangaza ugonjwa, anapanga bei, na anahukumu aliyekataa. Mtu aliyezoea kuonewa na karatasi ya kurasa nne hawezi kuamini kwamba karatasi ya kurasa mia itamlinda. Tuanze na hii ya kurasa nne.

Kaka amebakiza miezi sita. Jana kanipigia tena, safari hii anacheka: madereva watatu wa kijiwe chao wameleta mikataba yao wanataka "dada mwanasheria" aisome. Nimeshaipitia miwili. Namba ya kifungu inatofautiana, maneno ni yale yale.

Nawe kama unao wa kwako, uutoe kabatini leo kabla gari halijaharibika. Usome. Usipouelewa, uje nao tawini kwetu Jumamosi. Tutausoma pamoja.